Filamu za papa na mamba: angalia maji kabla hujatoa pesa

Wiki iliyopita niliingia duka moja la Darajani, mjini Zanzibar, nikatiliwa filamu sita kwenye flashi, elfu moja kila moja. Mojawapo ya papa. Kijana wa duka alinionesha jalada: papa kaachama, damu mpaka kwenye meno, na pembeni asilimia kubwa ya wahakiki kwa maandishi mekundu. "Hii, dada, wazungu wenyewe wameikubali." Nikalipa.

Usiku tukakaa kuitazama pamoja na ami yangu, kaja kutoka Kojani, Pemba, kwa matibabu. Ami katega jarife, wavu wa papa, tangu ujana wake. Papa alipotokea, anaifuata boti, ami alisogea karibu na televisheni, kisha akasema, "Mbona maji yamelala? Papa mkubwa hivi akija juu juu, maji yanavimba mbele yake kabla hujaliona pezi. Huyu hana uzito." Akaenda zake kulala.

Nikairudisha nyuma ile sehemu mara tatu. Kweli. Pezi linateleza juu ya bahari bila povu, bila mkunjo wa wimbi, na yule msichana anayeogelea hatua mbili kutoka hapo hata nywele hazitikisiki. Ni mnyama wa kompyuta aliyebandikwa juu ya picha ya bahari. Tangu usiku ule sina kipimo kingine. Uigizaji na hadithi mtajihukumia wenyewe. Sisi watu wa visiwani tumezaliwa tukiyatazama maji, na filamu ikikosea hapo hofu yote inakwisha.

Na ile asilimia isikudanganye. Asilimia ya Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya maoni ya wahakiki, si maksi. Inahesabu wahakiki wangapi wameipenda filamu, haisemi wameipenda kiasi gani wala kwa sababu gani. Sharknado ya 2013, ambayo papa wanarushwa na kimbunga mpaka mjini, ilipata zaidi ya asilimia 70 kwa sababu wahakiki waliichukulia kama kichekesho. Open Water, ambayo inatisha kwelikweli, iko karibu na hapo hapo. Ukinunua kwa namba peke yake utazichukua zote mbili ukidhani ni za aina moja.

Ya kwanza kwangu ni Black Water ya 2007, na nasema wazi kwamba nampendelea Andrew Traucki, aliyeiongoza pamoja na David Nerlich. Watu watatu wamekwama juu ya mti kwenye mikoko ya kaskazini mwa Australia, chini yao mamba. Bajeti ilikuwa ndogo, kwa hiyo walipiga picha za mamba wa kweli wakaziunganisha na za waigizaji. Kuna pahala maji ya tope yametulia kabisa, halafu yanajikunja kidogo tu, na unajua yupo. Aliyepita kwenye mikoko ya Chwaka maji yakijaa atanielewa. Wahakiki wengi waliisifu, na safari hii wamesema kweli. Hakikisha tu hupewi Black Water: Abyss ya 2020, ya pangoni. Jina linafanana, na wauzaji hawajishughulishi kutofautisha.

Ya pili ni The Reef ya 2010, ya Traucki huyo huyo, papa wa kweli tena. Maji yake hayana kasoro. Lakini boti inapinduka, watu wanabaki baharini, na sisi tuna Spice Islander, meli iliyozama Septemba 2011 ikienda Pemba. Nyumba nyingi za Pemba hazijasahau. Usiiweke mbele ya wageni kabla ya kuwauliza.

Open Water, ya 2003, naiweka ya tatu. Mume na mke wanasahauliwa na boti ya kupiga mbizi; wazo lilitokana na kisa cha watalii wawili wa Marekani kilichotokea Australia mwaka 1998. Iligharimu chini ya dola 150,000, na waigizaji waliingia majini pamoja na papa wenyewe. Imeshuka nafasi kwa sababu ilipigwa kwa kamera za dijitali za zama zile, na kwenye televisheni kubwa picha inachoka.

Ukipenda za zamani, chukua Piranha ya 1978 ya Joe Dante. Samaki ni wa mpira, lakini mpira nao unasukuma maji. Ndiyo maana hata papa wa mashine wa Jaws, 1975, aliyekuwa akiharibika kila mara, anatisha kuliko hawa wa kompyuta.

Zile nyingine za bei ya kutupa, papa wa vichwa viwili na kadhalika, ziacheni.

Linaloniuma ni wauzaji. Elfu moja kwa filamu, na ikiitwa mpya wanataka elfu moja na mia tano, hata kama ina miaka kumi. Ukiomba wakufungulie dakika moja, ile sehemu mnyama anapoingia majini, wanakwambia foleni ndefu. Nilirudi Jumatatu na flashi yangu. Kijana akasema ikishatoka mlangoni hairudishwi, na jalada lile lile bado linaning'inia mbele ya duka. Sasa naenda kwa mwingine, Michenzani. Anaifungua mbele yangu nikayatazama maji, na anachukua mia tano.