Kwadi za mipigo miwili: pima upepo kwanza, rangi baadaye

Wasomaji waliohama kutoka kwadi (pikipiki za magurudumu manne) za mipigo minne kuja kwenye za mipigo miwili wananiletea malalamiko yanayofanana mno. Mtu anauziwa mashine kwa ahadi kwamba injini imefunguliwa juzi tu na kila kitu ndani ni kipya. Anaipanda, anaonja ile nguvu inayokuja kwa kishindo mzunguko ukipanda, anaipenda. Siku chache baadaye injini inashika akiwa kwenye mwendo wa kasi, tairi za nyuma zinajifunga ghafla. Fundi akifungua anakuta pistoni imetoboka kichwani, au imechubuka upande wa ekzosi. Muuzaji akipigiwa simu anajibu kwamba mnunuzi alichanganya oili vibaya.

Mara nyingi oili haina kosa lolote. Injini ilikuwa inavuta upepo tangu siku iliyouzwa.

Ndiyo maana hapa sitazungumzia plastiki, tairi, wala shokapu. Hayo kila mnunuzi ana macho ya kuyaona. Nataka tuongee juu ya sili za krenki, yaani mipira inayoziba ncha za mhimili wa injini, kwa sababu hakuna anayeziuliza na ndizo zinazoua injini.

Katika injini ya mipigo minne, chini ya pistoni kuna oili tu. Sili ikivuja huko, unapata doa sakafuni. Katika mipigo miwili, mchanganyiko wa petroli, oili na hewa hupitia kwanza kwenye chumba cha krenki. Pistoni ikishuka inausukuma mchanganyiko huo, nao unapanda hadi kwenye silinda. Chumba hicho lazima kizibwe kabisa. Sili ikichoka, au mpira unaoshika kabureta ukipasuka, hewa ya ziada inaingia bila kupitia kwenye kabureta. Petroli inakuwa chache ikilinganishwa na hewa iliyopo, na kwa kuwa oili imechanganywa ndani ya petroli, ulainisho nao unapungua. Joto linapanda pale pale ambapo oili imepungua. Pistoni haina pa kukimbilia.

Sili ni mbili kubwa. Ya upande wa klachi ikivuja, injini inanyonya oili ya gia: utaona moshi mweupe usiokwisha hata injini ikishapata moto, na oili ya gia inapungua bila kuvuja nje. Ya upande wa stata (kizalisha umeme cha injini) ndiyo ya kuogopwa, kwa sababu inavuta hewa kavu na haitoi moshi wowote. Dalili yake ni kwamba ukiachia mafuta, mzunguko unakawia kushuka au unapanda wenyewe. Muuzaji atakuambia ni kabureta tu, inataka kurekebishwa kidogo. Usikubali.

Kipimo ni rahisi na hakihitaji kufungua injini. Unaziba mdomo wa ekzosi na mdomo wa kabureta, unajaza upepo kwa pampu ndogo ya mkono hadi psi 6, unakaa dakika 6 ukiangalia geji. Mshale ukishuka, paka maji ya sabuni kila kiungo mpaka uone mapovu. Mafundi wanaojua kazi hii wanafanya hivyo kila wanapomaliza kufunga injini. Mwenye mashine nzuri hana sababu ya kukataa. Nikisikia mtu anasema "hiyo haina haja, injini ni mpya", najua alibadilisha pistoni na ringi tu, sehemu ya juu iliyo rahisi kuifikia, akaacha sili kuukuu zile zile kule chini. Kisha anatoza bei ya injini nzima! Hilo linanikera kuliko jambo lolote katika biashara hii, kwa sababu mnunuzi anayetoka kwenye mipigo minne hana njia ya kulijua.

Sasa tuje kwenye mashine zenyewe.

Ya kwanza kwangu ni Yamaha Banshee 350, na sifichi kwamba mimi ni mtu wa Yamaha. Ilitoka mwaka 1987, na Marekani iliuzwa hadi 2006. Ina silinda mbili, sentimita za ujazo 347, gia sita, inapozwa kwa maji, na inawashwa kwa kiki tu. Injini yake ni ya ukoo wa pikipiki ya barabarani ya RZ350. Sauti yake ikishapanda mzunguko haina mfano. Wapo watakaosema kwamba silinda mbili ni milango zaidi ya kuvujisha upepo: mipira miwili ya kabureta, bomba dogo linaloiunganisha, na kabureta mbili zinazotakiwa kufunguka kwa pamoja. Ni kweli. Lakini kila mpira, kila sili, kila gasketi ya Banshee unaipata mpya, na hata silinda na krenki bado zinatengenezwa na makampuni mengine. Mashine inayovuja ambayo spea zake zipo ni bora kuliko mashine isiyovuja leo lakini kesho itakuacha unatafuta sili ya miaka thelathini iliyopita. Muulize muuzaji kipenyo cha pistoni. Kiwandani ni milimita 64. Ikiwa imeshafika 66, silinda zimechongwa sana na karibu utaingia gharama ya kuzirudishia ukuta. Na ujue kwamba upande wa mbele ni mwembamba, kwenye kona inakuwa na wasiwasi. Mikono mirefu ya mbele na ekseli pana zaidi huitibu tabia hiyo vizuri.

Ya pili ni Honda TRX250R, ya 1986 hadi 1989. Kwa kona na mashimo ni bora kuliko Banshee, hilo nakiri waziwazi. Silinda moja ya 246, kipenyo 66 na mwendo wa pistoni 72, nguvu yake inaanza chini zaidi na haimshtui mtu anayetoka kwenye mipigo minne. Kinachoniudhi ni bei. Watu wameigeuza kuwa kitu cha kuhifadhiwa, na wauzaji wanaipandisha kwa sababu tu ya jina lililobandikwa kwenye tangi. Kwa mashine ya umri huo, sili ambazo hazijabadilishwa zimeshakuwa ngumu kama mbao. Ukiinunua, hesabu gharama ya sili kabla ya kukubaliana bei, hata kama inawaka kwa kiki moja.

Suzuki LT250R Quadracer, iliyotengenezwa 1985 hadi 1992, ni ya tatu. Ni mashine ya mbio kweli kweli na ina watu wake wanaoipenda sana, ila spea zinakupeleka mbali. Ndugu yake LT500R, ya 1987 hadi 1990, ina silinda moja ya karibu 500, na sishauri mtu anayehama aianze hiyo. Kawasaki Tecate-4 ilidumu 1987 na 1988 tu. Ukiipata kamili ifurahie, lakini usitegemee kupata spea zake.

Kwa mfuko mdogo ipo Yamaha Blaster, 195, inapozwa kwa hewa, ya 1988 hadi 2006. Inafundisha vizuri matumizi ya klachi. Zilizo nyingi zimeteswa na wanaojifunza. Pima upepo, nunua, endelea.

Ukishanunua, mpangilio wa kuiongezea nguvu ni muhimu kuliko vifaa vyenyewe. Chochote kinachofanya injini ipumue zaidi kinabadilisha hesabu ya petroli: ekzosi mpya, ridi mpya (vali nyembamba zinazoingiza mchanganyiko kwenye injini), hata kutoa tu kifuniko cha boksi la hewa. Ukifunga ekzosi ya FMF au Toomey ukaacha jeti za kiwandani (vitundu vya kabureta vinavyopitisha petroli), umejitengenezea kwa fedha yako uhaba ule ule wa petroli unaoletwa na sili mbovu. Anza na jeti kubwa kupita kiasi, injini iwe nzito kidogo, kisha shuka hatua moja moja huku ukisoma rangi ya plagi. Asubuhi ya baridi hewa ni nzito na inataka jeti kubwa zaidi. Milimani inataka ndogo. Ridi ndizo ninazozianza mimi, kisha ekzosi. Kuchonga milango ya silinda na kusogeza muda wa cheche mbele viachwe kwa wakati ambapo mashine imeshatulia, na kusogeza cheche mbele kunadai petroli yenye okteni ya juu.

Wengi wanang'oa mfumo wa Yamaha unaokata moto kabureta ikikwama wazi. Ukiung'oa, funga swichi ya kamba inayozima injini ukianguka, siku hiyo hiyo.

Oili ya 32 kwa 1, yaani sehemu 32 za petroli kwa moja ya oili, ni mililita 31 kwa kila lita ya petroli, yaani kama 156 kwa lita tano. Pima kwa chombo chenye alama, usikadirie kwa kifuniko. Na msidanganywe na wale wanaoshauri kuongeza oili ili kuilinda injini: oili ikizidi, petroli inayopita kwenye jeti ile ile inapungua, na mchanganyiko unakauka badala ya kulowa.

Unapokwenda kuangalia mashine, beba pampu, geji, vizibo vya mpira na chupa ya sabuni. Mwambie muuzaji mapema kwa simu kwamba utapima upepo, na kwamba unataka kuikuta injini ya baridi. Akianza kukwepa hapo hapo kwenye simu, umeokoa nauli.