Usiku mmoja kwa watawa wa Rila, Bulgaria: uzoefu wangu

Niseme mapema: kama unataka kwenda Rila, monasteri ya milimani, kupiga picha na kugeuza, huna haja ya kunisoma mpaka mwisho. Magari ya watalii yanatoka Sofia, mji mkuu, kila siku, mnashuka, mnazunguka, mnarudi kabla giza halijaingia. Mimi nazungumzia kulala.

Nilikwenda mwishoni mwa Oktoba pamoja na mdogo wangu anayesoma udaktari Sofia. Ni kama kilomita 120 kusini mwa mji, na basi la moja kwa moja lilikuwa moja tu kwa siku: linakwenda asubuhi, linarudi saa tisa alasiri. Ukilikosa, utafute teksi na uwe na mfuko mnene.

Kosa la kwanza lilikuwa langu mwenyewe. Mimi ni mtoto wa Lushoto. Niliposoma kwamba monasteri iko mita 1,147 juu ya usawa wa bahari nilicheka, maana Lushoto mjini tuko juu zaidi ya hapo. Baridi gani hiyo ya kunitisha? Nikabeba sweta moja na kanga. Tuliposhuka kwenye basi upepo wa mlimani ukanipokea, na mdogo wangu, aliyevaa koti lililomfika magotini, akaniangalia tu. "Dada, nilikwambia."

Kwa nje unaona boma. Kuta za mawe zimepanda juu, madirisha ya chini madogo, ungedhani ni gereza. Ukivuka lango la Dupnitsa, ndani kuna uwanja wa mawe, na pande zote ghorofa za vibaraza vya mbao na matao yenye milia myeusi, myeupe na myekundu, kama mtu ametandaza doti za kanga juani. Katikati liko kanisa, na pembeni yake mnara wa mawe wa Hrelyo, ambao umesimama pale tangu karne ya 14. Mnara huo ndio mzee wa familia. Mengine mengi unayoyaona ni ya karne ya 19, kwa sababu mwaka 1833 moto uliteketeza sehemu kubwa ya monasteri. Wabulgaria wakati huo walikuwa bado chini ya Waturuki wa Osmani, lakini michango ilitoka kila pembe ya nchi na ujenzi ukaanza mwaka uliofuata.

Ofisi ya wageni iko humohumo uwanjani. Mdogo wangu aliuliza kama chumba chetu kipo. Mzee wa pale akatikisa kichwa kulia na kushoto. Moyo ukanidondoka, basi lenyewe limeshaondoka! Kumbe anasema ndiyo. Wabulgaria wakikataa huinua kichwa juu kama anayeitikia, wakikubali wanakitikisa. Mdogo wangu ameishi kule miaka mitatu na bado anachanganya, sembuse mimi.

Chumba ni chumba cha watawa: vitanda viwili, meza, mablanketi mazito, dirisha linalotazama msitu. Usitegemee televisheni wala mtu wa kukubebea mizigo. Sisi kilichotuponza ni tovuti moja ya safari iliyotuandikia kwamba chakula cha jioni kimo kwenye malipo. Hakikuwamo. Kule watu wanakula kwenye migahawa iliyo nje ya lango, nayo msimu wa watalii ukipita inafunga mapema. Tuliwahi supu ya maharage na samaki wa mtoni kwa bahati tu, wahudumu wameshaanza kupandisha viti juu ya meza.

Mchana ule, kabla watu hawajapungua, tulikaa muda mrefu chini ya matao ya kanisa tukitazama michoro ya ukutani. Mmoja wa wachoraji wake ni Zahari Zograf, na kazi ilikamilika mwaka 1846. Watakatifu wapo wengi, lakini mimi nilikwama kwenye mchoro mmoja: watu wamempeleka mgonjwa kwa mganga wa kienyeji, na mashetani wamejaa kila upande wakishangilia biashara. Nikamwambia mdogo wangu, huu ukipelekwa kwetu hauhitaji maelezo. Akajibu kwamba hata hospitali anakofanyia mazoezi, wagonjwa wengine hupitia kwanza kwa bibi fulani wa kijijini.

Jumba la makumbusho lipitie, hata kama miguu imechoka, kwa ajili ya kitu kimoja: msalaba wa mtawa Rafail. Ni wa mbao, haufiki hata mita moja, na ndani yake amechonga mamia ya sura za watu, nyingine hazizidi punje ya mchele. Alifanya kazi hiyo zaidi ya miaka 10, akaimaliza mwaka 1802, na macho yake yakawa yamekwisha. Nilisogeza uso mpaka pumzi yangu ikaweka ukungu kwenye kioo.

Sasa, kulala. Ikipita saa kumi uwanja unaanza kuwa mtupu, na hapo ndipo unasikia kwamba kuna mto nje ya ukuta. Mchana kutwa ulikuwa unanguruma vilevile, ila kelele zetu ziliuzidi. Jioni ilisikika sauti ya ubao ukigongwa kwa nyundo ya mti, taratibu, halafu mbio. Ndivyo watawa wa Kiorthodoksi wanavyoitana kwenye sala. Mimi ni Mlutheri, nimezoea kengele, lakini nikajifunga kanga juu ya suruali nikaingia.

Picha ndani haziruhusiwi, kwa hiyo nitakueleza tu. Giza, mishumaa, na ukuta wa mbao mbele ya altare uliochongwa na kupakwa dhahabu, ukimetameta kila mlango unapofunguliwa na upepo kuingia. Hapakuwa na waumini kumi. Wanasimama muda wote. Nilinunua mshumaa kwa ajili ya mama, nikauelekeza kwenye sinia la mchanga la chini kwa kuwa ndilo lililokuwa karibu. Bibi mmoja mwenye kilemba cheusi akanishika mkono, hakusema neno, akaupandisha mpaka sinia la juu. Baadaye nikaelezwa: juu ni kwa walio hai, chini ni kwa marehemu. Nikanunua mwingine wa bibi yetu, na huo nikauchomeka chini mwenyewe.

Usiku malango hufungwa. Nilitoka kibarazani na mablanketi yote mawili mabegani. Baridi ilikuwa kali kweli, lakini ule uwanja wote uliojaa watu mchana sasa ulikuwa na paka mmoja na mimi. Nikakaa mpaka vidole vikakataa.

Asubuhi nyuma ya monasteri, nje ya lango la pili, wanauza mekitsi. Ni maandazi, tusizungukane. Unga unakandwa na mtindi, wanaukaanga mbele yako, juu wananyunyiza sukari laini kama poda. Hakuna iliki, na hilo ni pungufu, lakini kwa baridi ile nilikula matano.

Kisha tukapanda pango la Mtakatifu Ivan wa Rila, mtawa aliyefariki mwaka 946, ambaye wafuasi wake ndio walioanzisha monasteri. Ni kama kilomita nne, njia ya msituni, majani makavu yanateleza. Pango lina tundu juu, na wenyeji wanasema mwenye dhambi hapiti. Mdogo wangu alipita kama mjusi. Mimi nikafika kiunoni nikakwama. Kwa juu nasikia, "Dada, ungama tu." Nilikuwa nimesahau kuvua begi. Nililivua, nikalipitisha kwanza, na mimi nikafuata, magoti yamechubuka. Pale nje kwenye nyufa za mwamba watu wamechomeka vikaratasi vya maombi, mamia, vingine vimeshalowa mpaka wino umekimbia.

Ukienda: beba koti hata kama umezaliwa Lushoto, funika mabega na magoti, weka chumba mapema hasa mwezi Agosti maana tarehe 18 ni sikukuu ya mtakatifu mwenyewe. Sisi tulilipa kwa lev taslimu. Tangu Januari 2026 Bulgaria inatumia yuro. Kuingia uwanjani ni bure, makumbusho yana tiketi yake. Na mtoto mdogo asiyelala bila katuni muache kwa shangazi.

Tulipanda basi la saa tisa. Mama mmoja wa makamo aliyekaa upande wa pili alifungua mfuko wa jozi, akaninyooshea kiganja kilichojaa. Njaa ilikuwa inaniuma. Nikatabasamu, nikaitikia kwa kichwa kwa heshima zote, naye akatabasamu, akazirudisha mfukoni.