Uzoefu wangu: fomu ya malipo ya M-Pesa kwenye tovuti ya huduma za usafi

Fomu ninayoizungumzia iko kwenye tovuti ya biashara ya kuosha makochi, mazulia na magodoro jijini Nairobi. Mteja anachagua kazi, anaona bei, anaandika namba ya simu na kubonyeza Lipa. Ombi la PIN linaingia kwenye simu yake papo hapo. Kinachofanya kazi hiyo ni STK Push, huduma iliyo ndani ya Daraja, lango la Safaricom la watengenezaji programu. Nimeiunga kwenye WordPress kwa msimbo wangu wa PHP, bila programu-jalizi ya malipo, na ningeiweka tena bila kusita.

Inashinda kwa mbali ule mtindo wa kubandika namba ya Till, yaani namba ya M-Pesa ya kulipia bidhaa na huduma, kwenye ukurasa. Huko mteja hukosea tarakimu, hulipa pungufu, kisha hutuma picha ya ujumbe kwa WhatsApp na mtu wa ofisini aanze kutafuta ni kazi ya nani. Biashara ya huduma haivumilii hilo, kwa sababu gari na vijana wawili wanaondoka kwenda Ruiru kwa kutegemea malipo ya awali. Kwa hiyo ugumu wa fomu hii hauko kwenye kitufe cha Lipa. Uko kwenye kuhakikisha kila shilingi iliyoingia inajulikana ni ya oda ipi.

Tuanze na vibali. Daraja inakupa Consumer Key na Consumer Secret za kuombea tokeni, yaani kibali cha muda cha kutuma maombi, na tokeni hiyo inaishi sekunde 3599. Ihifadhi kama dakika 50, usiombe mpya kwa kila mteja. Halafu kuna passkey, ufunguo wa siri wa namba yako ya biashara. Nenosiri la kila ombi ni namba ya biashara, passkey na muda wa ombi (tarehe na saa) wa tarakimu 14, vikiunganishwa bila nafasi na kugeuzwa kuwa base64, namna ya kuandika data kwa herufi na tarakimu. Muda huo uchukue mara moja tu, uuweke kwenye kigeu, uutumie kwenye nenosiri na kwenye sehemu ya Timestamp. Ukiuita mara mbili, siku sekunde itakapobadilika katikati, ombi litakataliwa na utahangaika kutafuta kosa ambalo halijirudii.

Wenye Till wengi hukwama mahali pamoja. Ukiwa na Paybill, namba ya biashara ambayo mteja huilipa pamoja na namba ya akaunti, namba yako inakaa kwenye BusinessShortCode na kwenye PartyB pia, na aina ya muamala ni CustomerPayBillOnline. Ukiwa na Till, BusinessShortCode ni namba ya duka, siyo ile wateja wanayoijua. Namba ya Till inakwenda kwenye PartyB, na aina inakuwa CustomerBuyGoodsOnline. Ukichanganya hapo utapata jibu kwamba vibali si sahihi, ingawa vibali vyenyewe havina shida. Kama bado hujafungua akaunti, kwa huduma napendekeza Paybill, maana namba ya oda inaonekana kwenye taarifa ya akaunti kando ya kila malipo.

Sehemu za fomu nazo zina masharti yake. Kiasi lazima kiwe namba kamili: punguzo la asilimia 10 kwenye kazi ya shilingi 1,845 linaacha senti 50, na ombi halitapita usipokadiria kwanza hadi shilingi kamili. Simu iwe 2547 au 2541 na kuendelea, wakati wateja wanaandika 0712, +254, wengine na vistari katikati. Safisha yote kwenye seva, usimlaumu mteja. AccountReference, ambako namba ya oda inakaa, haizidi herufi 12, na maelezo ya muamala hayazidi 13. "Kuosha kochi" yanaingia. "Kuosha mazulia" yanazidi kwa herufi moja.

Sasa, hapa ndipo fomu nyingi zinapoharibikia. Ukituma ombi, Daraja inajibu mara moja kwa ResponseCode 0 na CheckoutRequestID, namba ya utambulisho wa ombi hilo. Hiyo maana yake ni kwamba ombi limepokelewa, basi. Mteja hata hajaona dirisha la PIN. Nimekuta programu-jalizi inayoandika "imelipwa" kwa jibu hilo, na gari linatoka bure. Jibu la kweli linakuja baadaye kwenye anwani uliyoitaja katika CallBackURL, likiwa na CheckoutRequestID ileile. ResultCode 0 ndiyo pesa, pamoja na namba ya risiti ya M-Pesa. 1032 ni mteja ameghairi, 1037 simu haikupatikana au hakujibu, 1 salio halitoshi, 2001 PIN imekosewa. Kila moja niliiandikia ujumbe wake wa Kiswahili kwenye ukurasa, kwa kuwa "malipo yameshindikana" hayamsaidii mtu ambaye alihitaji tu kuongeza salio.

Jibu hilo lisipofika, chunguza mambo mawili kabla ya kumpigia mtu simu. Kwanza ni kinga ya tovuti inayozuia roboti: inaona ombi lisilotoka kwenye kivinjari na kulifungia nje. Pili ni uelekezaji. Kama tovuti inahamisha kila mgeni kwenda anwani yenye www, na wewe umeandika isiyo na www, data hupotea njiani. Andika anwani ya mwisho kabisa, yenye https. Na usiitegemee peke yake: ikipita dakika moja na nusu kimya, uliza hali ya muamala kwa CheckoutRequestID.

Jibu linaloingia halina sahihi ya kidijitali, hivyo mtu akiijua anwani yako anaweza kutunga lake. Mimi naweka mfuatano mrefu wa herufi za kubahatisha ndani ya anwani, nalinganisha kiasi na oda, kisha nauliza hali ya muamala kabla ya kuthibitisha kazi. Bei nayo ikokotolewe kwenye seva. Bei iliyofichwa ndani ya fomu inabadilishwa na yeyote anayejua kufungua zana za kivinjari.

Kwa WordPress, ondoa ukurasa wa malipo kwenye akiba ya kurasa. Nambari ya usalama ya fomu hufa ndani ya saa 24, na ukurasa uliohifadhiwa siku tatu utakataa kila mteja bila sababu anayoielewa. Zima kitufe kikibonyezwa, la sivyo mwenye haraka atabonyeza mara tatu. Na weka nafasi mbili za namba: ya anayepokea mafundi nyumbani na ya anayelipa. Mara nyingi si mtu mmoja.

Mapungufu yapo. Mteja wa Airtel Money au wa kadi hapati chochote hapa. Kwake unahitaji mpatanishi, yaani kampuni inayopokea malipo ya njia nyingi kwa niaba yako, kama Pesapal, na kadi ijazwe kwenye ukurasa wa mpatanishi, kamwe isiwe kwenye fomu yako. Wenzetu wa Tanzania, ambako wateja wamegawanyika kati ya mitandao kadhaa, wataanza moja kwa moja na mpatanishi kama Selcom au AzamPay.

Kurudisha pesa kunawezekana kwa msimbo pia, ila kunadai mtumiaji maalumu na nenosiri lililosimbwa kwa cheti. Kwa biashara ambayo oda chache tu hughairiwa, nimeacha msimamizi afanye hivyo kwa mkono kwenye tovuti ya M-Pesa ya mashirika, akitumia namba ya risiti iliyohifadhiwa kwenye oda.