Pete na bangili za fedha: ipi ununue, ipi uiache

Kijana wa Kiislamu akitafuta pete ya ndoa huishia kwenye fedha, kwa kuwa dhahabu mwanamume havai. Mwongozo huu ni wake, na wa yeyote anayetaka bangili ya kudumu. Dukani zote zinameta.

Namba moja kwangu ni fedha 925. Katika kila gramu 1,000, gramu 925 ni fedha. Zilizobaki kwa kawaida ni shaba. Shaba hiyo haikuwekwa ili upunjwe. Fedha tupu ni laini mno, na shaba ndiyo inayoikaza. Namba 925 hugongwa kwa ndani, lakini mhuri yeyote anaweza kuugonga, kwa hiyo pima.

Sentimita moja ya ujazo ya fedha ina uzito wa gramu 10.5 hivi. Mwombe sonara mzani wa desimali, weka juu yake kikombe cha maji, urudishe kwenye sifuri, kisha ning'iniza bangili kwa uzi izame bila kugusa kikombe. Mzani utasoma uzito wa maji yaliyosukumwa na bangili, na gramu moja ya maji ni sentimita moja ya ujazo, kwa hiyo bangili ya gramu 31 ya fedha 925 itasoma karibu gramu 3. Ikisoma 3.6, ni metali nyepesi kuliko fedha, irudishe. Kipimo hiki hakifai kwa kitu chenye vito au kilicho wazi ndani.

Kuna na barafu. Hakuna metali inayopitisha joto na umeme kuliko fedha. Barafu huyeyuka juu yake ukiiangalia. Shaba nayo hukaribia, kwa hiyo barafu pekee haitoshi. Sifa hiyohiyo ndiyo inayofanya fedha itiwe kwenye paneli za sola na swichi, na ndiyo maana pete yako unaigombania na viwanda.

Ya pili ni fedha ya kale ya Oman na pwani yetu. Masonara wa Oman waliyeyusha sarafu za fedha za Maria Theresa, mtawala wa Austria, zile zenye mwaka 1780 hata zilipopigwa miaka mingi baadaye. Kila moja ina gramu 28 hivi, na fedha yake ni 833 kwa 1,000. Kwa hiyo bangili ya bibi isiyo na mhuri usiidharau. Ulizia uzito kwanza, hadithi yake baadaye.

Fedha 999 ni nzuri kwa akiba, si kwa kidole. Niliwahi kuvaa pete ya 999. Baada ya miezi michache ya kubeba ndoo ikawa na umbo la yai.

Iliyochovywa fedha inafaa kwa hereni tu. Kwenye pete, upande wa kiganjani husuguliwa kila siku, na wekundu wa shaba hutokeza hapo kwanza.

Ya mwisho kabisa ni ile inayoitwa fedha ya Kijerumani: shaba, nikeli na zinki, fedha hamna hata chembe. Nikeli huwatoa watu wengi vipele. Usimvishe mtoto.

Na pete ikiingia weusi, usikimbilie kusema umeuziwa bandia. Ni salfa ya hewani imeshikana na fedha. Isugue kwa kitambaa laini, ihifadhi kwenye mfuko uliofungwa vizuri, na uivue kabla ya kushika dawa ya kung'arisha nguo nyeupe.