Semina ya utafiti: "moja mpaka tano" ndo imeniudhi

Jamani mie si mtu wa kuandika malalamiko lakini hii semina ya mbinu za utafiti wa kimaelezo niliyokwenda hapo Mjini juzijuzi imenikaa rohoni, kila nikikiona cheti chao moyo unapanda.

Siku mbili za mwanzo nazipita, slaidi, chai, maandazi matamu kwa kweli. Mkufunzi kusema anajua. Katwambia maneno nikayaandika kwa wino mwekundu: huku hatuhesabu watu, tunataka kujua kwa nini na vipi, kwa hiyo uliza swali lililo wazi kisha nyamaza. Nikasema hapa ndo pahala pake, pesa yangu haijapotea.

Siku ya tatu tukapelekwa shamba, mashariki, kwa wakulima wa mwani. Ilikuwa bamvua, maji yametoka kulee, kina mama wote wako baharini, jamaa, yule mkufunzi, kashaanza kununa ati mbona hawajakaa kutusubiri. Ee bwana, bahari ikusubiri wewe na laptopu yako? Tukampata bi mkubwa mmoja keshapanda juu, kakaa chini ya mkungu anafunga taitai, vile vikamba vya kufungia mwani, kwenye kamba. Shikamoo, marahaba, tukakaa. Jamaa akatoa rekoda akabonyeza.

"Hichi kidude kinafanya nini?"

"Usijali bibi, we jibu tu."

Na nusu ya asubuhi ya siku ya kwanza tuliimbishwa ridhaa, mweleze mtu sauti yake inakwenda wapi, mwambie ana haki ya kukataa!

Haya, akamuuliza kilimo cha mwani kinaendaje siku hizi. Swali zuri. Mama akafunguka wallahi, zamani wakipanda mwani wa kotonii, wenye bei, sasa maji yanachemka kama ya kumkandia mzazi, mwani unapauka unakatika, wamebaki na aina ya spinosamu ya bei ndogo, na ukiitaka kotonii uifate maji marefu na wao wengi kuogelea hawajui, na waume zao... hapohapo jamaa akamkata.

"Sasa bibi, moja mpaka tano, moja hujaridhika kabisa, tano umeridhika sana, wewe uko wapi?"

Bi mkubwa akaiweka kamba chini. "Mwanangu, mie niko hapa chini ya mkungu."

Tukacheka mpaka basi. Mkufunzi akapandisha, akatugeukia, mama wa watu anasikia kila neno: hawa ukiwaachia watakupigia hadithi mpaka magharibi. Hadithi! Si ndo tulizozifata? Mwani umeanza kulimwa Paje na Jambiani, hapa Unguja, 1989, mtu kasimama ndani ya maji miaka yote hiyo anakwambia bahari imegeuka na imemfanya nini, wewe unataka namba. Tena ile ya waume zao mpaka leo sijui ilikuwa inakwenda wapi.

Lakini nisidhulumu, siku ya mwisho alisimama yule dada msaidizi. NVivo, ile softiwea ya kuchambulia mahojiano, waliyotuwekea ilikuwa ya majaribio, nusu ya laptopu imegoma, yeye hata hakuhangaika nayo, akachapisha mahojiano, akatugaia kalamu za rangi na mikasi. Someni, akasema, kisha someni tena, ndo hatua ya mwanzo katika zile sita za kuchambua mada, za watafiti Braun na Clarke za 2006, na ndo watu wanayoiruka. Mie pale kwenye "kuogelea hatujui" nikabandika kodi, yaani lebo ya maana ya maneno, ya "ukosefu wa elimu". Akaniuliza taratibu, "Mama kasema elimu, au umesema wewe?" Nikanyamaza. Baadae akatuonesha Taguette, ya bure, kazi ileile ya kubandika kodi, ila akasema wazi softiwea inapanga tu, kufikiri ni juu yako.

Kwa huyo dada nilikuwa nimeshaandika nyota nne. Kisha nikakumbuka ile sauti iko kwenye laptopu zetu zote na mwenyewe hajui. Mbili. Na hizo mbili za dada.

Nimerudi peke yangu, bila ya rekoda, nimechukua na sukari kilo mbili. Tumefunga taitai mpaka alasiri, zangu zote alizifungua akazifunga upya. Nikiondoka ananiuliza, "Na yule mwenzio wa moja mpaka tano, hajambo?"