DVR yangu kupigwa shoti: fundi wa Bondeni nampa nyota nne

Ntasema mapema mimi si fundi, niko na duka la vitambaa hapa Mwembe Tayari, Mombasa, na kamera nne ukutani na DVR, ile mashini inayozirekodi, basi. Mwezi uliopita stima zikapotea jioni zikarudi zikapotea tena, ziliporudi mara ya tatu nikasikia tap! kwa adapta ya DVR na ile harufu ya plastiki ikiungua. Adapta yenyewe niliokota ya barabarani mia nne, imeandikwa 12V 2A, nyepesi kama kiberiti kitupu. Lakini taa yake bado yawaka, nikajua iko sawa, nikafunga duka nikaenda zangu.

Asubuhi DVR haionyeshi kitu. Nikafungua kifuniko, nikaweka kidole kwa kichipu kimoja kidogo karibu na pale moto wa stima unapoingilia, aisee! Hiyo alama iko kidoleni mpaka leo.

Fundi wa kwanza aliniambia bodi imekufa nunua mpya, hata bisibisi hakushika. Wa pili ni kijana ana meza Bondeni, huyu ndiye ninayemwandikia. Alianza na adapta sio DVR, akaweka testa, ikasoma 19V badala ya 12. "Ami, hii ndio imekuchomea," akasema, eti ndani imepigwa shoti ile sehemu inayozuia volti zisipande, taa itawaka tu haijui kitu. Halafu akaniuliza niliiacha imechomekwa muda gani, nikaona haya kusema usiku kucha.

Kilichonifurahisha ni vile alivyotafuta. Hakuipa bodi moto wote, aliipa volti moja tu kutoka kwa mashini yake ya mezani inayobana ampea, akamwagia spiriti juu, tukainama wote wawili kuangalia ni wapi patakauka kwanza kwa joto la shoti. Pakakauka pale pale paliponichoma, ni chipu inayoshusha volti 12 kuwa 5. Akaing'oa kwa bloa, akapima laini ya 5V, testa bado inalia piii, yaani shoti ingalipo. Kumbe ile ya kwanza ilipopigwa shoti iliachilia moto wote upite mzima mzima ukaenda kuua chipu ya sauti huko mbele. Akanieleza chipu iliyoshika shoti ndani huvuta ampea nyingi na umeme huo unageuka joto, na ukibadilisha chipu ukairudisha adapta ile ile ya 19V utachoma tena. Ile ya kushusha akaweka mpya, ya sauti akaitoa tu akaacha wazi, kamera zinafanya kazi ila hazina sauti, na mie sikuwa nikiisikiliza. Alisugua pia ile kijani ya chumvi iliyoota miguuni mwa kapasita, hapa kwetu upepo wa bahari hauachi kitu.

Amenitoza 1,800 kazi na chipu, adapta nzito ya maana 900 juu. Nyota moja nimemnyima kwa sababu aliniambia Alhamisi nikaipata Jumanne, na simu hashiki, ukimtaka wende mwenyewe, na ukienda saa sita yuko msikitini.

Jana nimeifungua nikaigusa tena ile chipu, kidole kingine lakini. Vuguvugu tu.