Nilikata sailensa ya Boxer, mlima wa Soni ukanishinda

"Mwanangu, pikipiki yako inalia sana, mbona haiendi?"

Hayo ni maneno ya bibi niliyempakia Mombo kwenda Soni, nusu gunia la mchele tumelifunga nyuma. Tulikuwa kwenye zile kona za milima ya Usambara, upande huu mwamba, upande ule korongo, nami nimeshashusha gia mpaka ya kwanza na akseli nimeikamua yote. Injini inanguruma kama lori la mbao, lakini Noah iliyojaza watu mpaka mlangoni inatupita. Ikabidi nimwombe bibi wa watu ashuke, apande kwa miguu kile kipande kikali, mimi nitangulie na mchele nikamsubiri juu. Alipofika alikuwa anahema, ameshika kiuno. Hakunigombeza hata kidogo. Akafungua pindo la khanga akanipa nauli kamili. Nikachukua nusu kwa sababu mafuta yalikuwa yamekwisha, na ile nusu inaniuma mpaka leo.

Boxer 150 hiyohiyo, kabla ya kukatwa sailensa, ilikuwa inapanda kutoka Mombo mpaka Lushoto, kilomita 33 za kona tupu, na abiria na mzigo wake, gia ya tatu. Penye ukali nashusha ya pili, basi. Haukuwa umepita muda mrefu tangu nimalize mkataba na bosi, yaani ndiyo kwanza pikipiki imekuwa yangu. Nikataka kuitengeneza vizuri.

Vijana wa kijiweni walikuwa wameshakata za kwao, na kusema kweli ule mlio ulinivutia. Nikaenda kwa fundi ambaye kila mtu alimsifu. Akanishika bega: "Kaka, hii sailensa ya kiwandani inaibana pumzi pikipiki. Nguvu yote imefungwa humu ndani. Nikikata hapa nikatoa uchafu wake, utanitafuta unishukuru." Elfu kumi na tano. Akapitisha grinda, akatoa huo aliouita uchafu, akachomelea mdomo upya. Saa moja haikuisha. Uchafu wenyewe vilikuwa vibomba vyenye matundu matundu na visahani vya chuma vilivyogawa vyumba ndani ya sailensa. Niliviona pale chini sikujua naangalia nini.

Sitaki kumdhulumu mtu. Kuchomelea alichomelea safi, haivuji popote. Na siku za mwanzo nilifurahi mno. Barabara ya kwenda Korogwe ni tambarare, ukifungua akseli unahisi unapaa, watu wanageuka kukuangalia. Wakati ule mngeniuliza ningewaambia kateni wote. Halafu siku moja nikaongozana na mwenzangu mwenye Boxer kama yangu, ya kwake haijaguswa. Tukafungua sote. Tukaenda sambamba, kisha taratibu akaniacha. Kumbe nilichoongezewa ni mlio, masikio yakaniambia ni mwendo.

Baada ya hapo ndipo nikaanza kuona mengine. Ukiondoka na abiria lazima uchome klachi kidogo, la sivyo inazima. Ukishuka mlima umefunga akseli, inalipuka pa! pa! kama baruti, watoto wa shule wanakimbilia mtaroni. Trafiki akanisimamisha kwa ajili ya mlio, akaniandikia notisheni, karatasi ya faini. Namshukuru aliyeshusha faini ya bodaboda mwaka 2021 kutoka elfu thelathini hadi elfu kumi, lakini elfu kumi yangu ikaenda. Kisha ndiyo ikaja siku ya bibi.

Kesho yake asubuhi nikarudi kwa fundi. Nilikwenda kwa heshima: "Fundi, pole na kazi. Pikipiki imepoteza mvuto, hebu iangalie." Hakuinua kichwa. Nikarudia. Ndipo akaniangalia toka juu mpaka chini, mbele ya vijana kama sita waliokuwa wamekaa pale, akasema: "Nguvu inatoka kwenye injini, haitoki kwenye bomba. Injini yako imechoka, na wewe hujui gia."

Mnisikilize vizuri. Mdomo huohuo, si wiki tatu nyuma, uliniambia nguvu yote imefungwa ndani ya sailensa! Sasa pesa yangu ameshakula, nguvu imehamia kwenye injini.

Nikajizuia. Nikamwomba basi anipe kile kipande alichokata na vile vya ndani, nikatafute mtu wa kuvirudishia. Akasema: "Vimeshakwenda na chuma chakavu. Ulidhani nakutunzia hapa?" Vijana wakacheka. Nilipakia mchele wa bibi na aibu ya bibi, nikaja kuchekwa. Kile chuma kilikuwa changu, hakuniuliza.

Nikaenda Korogwe kwa fundi mzee niliyeelekezwa. Nilimwamkia, nikamweleza, akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Akafungua plagi: nyeupe kama chokaa, wakati injini inayokula vizuri plagi yake huwa ya kahawia. Akanionesha na shingo ya ekzosi ilivyogeuka bluu kwa moto. Akasema moshi sasa unatoka kirahisi zaidi, hewa inayopita imebadilika, lakini jeti ya kabureta, kile kitundu kinachopima petroli, ni ileile, kwa hiyo injini inapata hewa nyingi na petroli kidogo. Inachemka na inakosa mvuto.

La pili alilonieleza ndilo lililonikaa kichwani. Moshi hautoki kama maji ya bomba, unatoka kwa mapigo. Kila pigo likikimbia kwenye ekzosi linarudisha wimbi nyuma hadi kwenye valvu. Na kuna kitambo kidogo sana ambapo valvu ya kuingiza na ya kutoa zote ziko wazi. Wimbi likikuta kitambo hicho sawasawa, linasaidia kunyonya moshi uliobaki na kuingiza mchanganyiko mpya. Likija vibaya, moshi unarudi ndani au petroli mpya inatorokea nje. Urefu wa bomba na vile vyumba vya sailensa vimepangwa pamoja na injini ili mvuto upatikane injini ikiwa kwenye mizunguko ya chini, inapozunguka polepole, na sisi wa abiria na magunia tunaishi huko chini. Ukifupisha bila hesabu, faida kama ipo inahamia juu, kwenye mizunguko ambayo mlima wa Soni haukuruhusu kuifikia.

Hata hivyo alinipa na upande wa pili: wapo wa mashindano wanaokata na wanapata. Lakini wanabadilisha jeti, wanajaribu, wanafungua, wanajaribu tena. Kwa hiyo labda nikisema kukata sailensa ni upuuzi nitakuwa nimezidisha. Kukata halafu ukamwacha mtu aende zake mlimani na roho za watu mgongoni, huo ndio upuuzi, tena ni ukatili.

Mzee aliniwekea jeti kubwa zaidi. Ule mlipuko ukapungua sana, kuzima kukaisha, mvuto ukarudi kama nusu. Nusu nyingine ilirudi nilipopata sailensa nzima, mtumba, elfu sitini, iliyotolewa kwenye Boxer iliyogongwa. Kufunga, mzee hakunitoza. Jumla, ile elfu kumi na tano yangu imenigharimu karibu laki moja ukiweka na siku ambazo sikupiga kazi.

Mkiniuliza kuhusu yule fundi wa kwanza, kwa grinda na kuchomelea mkono wake ni mzuri, mwenye geti au stendi ya pikipiki ampelekee. Pancha pia anaziba vizuri, labda kwa pancha ningerudi. Hapana. Nikikumbuka alivyosema "ulidhani nakutunzia", hata pancha nitasukuma pikipiki mpaka kwa mwingine.

Juzi nimepanda na abiria na debe mbili za mahindi, gia ya tatu, penye ukali nikashusha ya pili. Pale aliposhuka bibi tulipita kimya kimya. Kila nikifika Soni namtafuta kwa macho sokoni, nimrudishie ile nusu nauli. Bado sijamwona.